Mbwa anapigwa brashi kila siku, akifika kwa kinyozi anakutwa na mafundo. Nani mwenye kosa?

#1 MkiaJuu
Wakuu, salama?
Mbwa ni chotara wa Poodle na Cocker Spaniel, dume, miezi 10, manyoya ya mawimbi yaliyofika kama sentimita 5. Kila jioni anapigwa slika (brashi ya pini nyembamba za chuma) dakika kumi: mgongo, ubavu, kichwa, mkia. Ukimshika ni laini kabisa. Kwa kinyozi wa mbwa anaenda kila baada ya wiki 8. Safari mbili zilizopita jibu ni lile lile: mafundo nyuma ya masikio, kwapani na kinenani yameshika hadi kwenye ngozi, lazima anyolewe chini. Anarudi yu uchi.

Hoja yangu ni hii: kunyoa ni kazi ya nusu saa, kuchana ni kazi ya saa mbili. Vinyozi wanachagua njia ya mkato, halafu lawama anabebeshwa mwenye mbwa. Anayebisha aje na maelezo.

#2 NgedereMpole
Navuta kiti. FundiBledi akiuona huu uzi patachimbika.

#3 KitanaChaChuma
Mkuu MkiaJuu, jibu limo kwenye bandiko lako mwenyewe: "ukimshika ni laini". Kiganja kinagusa ncha tu. Slika inayopitishwa juu juu inanyoosha hizo ncha, na huku chini karibu na ngozi manyoya yaliyokwisha kung'oka hayapati pa kutokea. Yanajizungusha kwenye yale yaliyo hai, kesho yanaongezeka mengine, baada ya wiki chache una mkeka.

Kabla ya kumlaumu mtu, chukua kitana cha chuma, kile chenye nusu meno yaliyoachana na nusu meno yaliyobanana. Anza na meno yaliyoachana. Chomeka hadi yaguse ngozi, yalaze kidogo ili yasichome, kisha vuta kuelekea nje mpaka nchani. Kikipita bila kukwama, rudia na meno yaliyobanana. Kikikwama, slika ilikudanganya. Brashi inafanya kazi, kitana ndicho kinachotoa hukumu.

Sasa kuchana kwa tabaka. Mlaze ubavu. Anzia chini kabisa, kwenye mguu wa nyuma karibu na vidole, si mgongoni. Mkono mmoja unakandamiza manyoya yote kwenda juu na kubakiza mstari mwembamba ambao ngozi inaonekana. Slika inafanya kazi kwenye manyoya yaliyo chini ya huo mstari tu, kwa mapigo mafupi ya kiwiko kilichotulia, kifundo cha mkono ndicho kinachocheza. Unagusisha, unavuta nje, unainua. Mstari ukiwa safi unaachia tabaka lingine la sentimita moja hivi, unarudia. Unapanda hivyo hadi uti wa mgongo. Kama huoni ngozi kwenye mstari, kazi haijaanza.

Dakika kumi kwa mwili mzima wa mbwa wa aina hiyo ni salamu tu. Raundi ya kwanza inaweza kumaliza saa nzima, igawe: leo miguu ya nyuma, kesho ubavu na kifua, keshokutwa kwapa, masikio na mkia. Baadaye hizo dakika kumi zako zitatosha, ilimradi kila jioni uchukue robo ya mbwa kwa ukamilifu badala ya mbwa mzima kwa juu juu.

#4 FundiBledi
Nimetajwa, nimefika.

MkiaJuu, hiyo nusu saa umeitoa wapi? Kumnyoa mbwa aliyegandamana kunachukua muda mrefu kuliko kumkata mbwa aliyechanwa. Vile vitana vya mashine vya kuacha urefu havipenyi kwenye fundo, kwa hiyo bledi tupu lazima ipite kati ya fundo na ngozi. Unajaribu namba 7F, inayoacha milimita 3 hivi. Ikikataa kupita unashuka namba 10, inayoacha kama milimita 1.5. Kwapani ngozi ni nyembamba na inajikunja, inabidi uinyooshe kwa mkono wa pili huku mbwa anataka kuondoka. Bledi nayo inapata moto. Kila baada ya dakika chache unaigusisha ndani ya mkono wako kuipima, ikichoma unabadilisha au unasubiri ipoe. Njia ya mkato iko wapi hapo?

Halafu kuchana fundo lililoshika ngozi si huruma. Kila mvuto unafika kwenye ngozi, na ngozi ya mbwa ina tabaka la juu jembamba kuliko ya binadamu. Saa mbili za kuvutwa zinaacha wekundu, michubuko, na mbwa ambaye safari ijayo ataanza kuonyesha meno akiiona meza tu. Fundo moja moja la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba nitaliachanisha. Yakishaungana kuwa kipande kimoja, mashine.

Na wiki 8 kwa manyoya ya sentimita 5 ni mbali. Ama njoo kila wiki 4 hadi 6, ama yakatwe yabaki sentimita 2 ndipo wiki 8 ziwezekane. Urefu na ratiba ni ndugu.

Ila nakupa haki moja: kinyozi anayewasha mashine kabla ya kukuonyesha fundo na kukushikisha kwa vidole, huyo simtetei.

#5 MkiaJuu
KitanaChaChuma, shukrani. FundiBledi nimekusikia, nusu nimekubali. Swali: slika ya nyumbani ina pini fupi, kama sentimita moja, zenye vitone vya plastiki nchani. Inafaa?

#6 PiniNdefu
Hapo ndipo penye ugonjwa, wala si kwenye mkono wako. Pini ya sentimita moja kwenye manyoya mazito ya sentimita 5 inaishia njiani. Tafuta slika yenye pini ndefu zaidi, sentimita 2 na kuendelea, zilizopandwa kwenye mto laini unaobonyea ukisukuma. Mto mgumu unahamishia nguvu yote kwenye ngozi.

Vile vitone vinapunguza mikwaruzo, kweli, lakini pia vinapunguza uwezo wa kushika manyoya yaliyokufa, na vikianza kung'oka kimoja kimoja pini iliyobaki uchi inakwaruza kuliko ile ambayo haikuwa na kitone kabisa. Ikague chini ya mwanga kabla ya kila matumizi. Pini iliyopinda au kupoteza kitone, brashi hiyo imestaafu.

Kipimo cha nguvu: pitisha slika kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako kwa uzito ule ule unaotumia kwa mbwa. Ikiacha mistari myekundu, na yeye unamchoma. Usirudie sehemu moja mara nyingi mfululizo. Hama, rudi baadaye. Mbwa anayelamba sehemu moja baada ya kuchanwa, fungua manyoya uangalie kama pamewiva.

Vifaa vingine msimletee huyu. Reki ya manyoya ya ndani ni ya akina Husky na German Shepherd. Kile kifaa chenye wembe cha kupunguza manyoya kinakata manyoya mazima pamoja na yaliyokufa, kwenye manyoya ya mawimbi kinaacha vipande vifupi vinavyosokotana upya.

#7 KitanaChaChuma
PiniNdefu, napinga kidogo. Akifungua tabaka la sentimita moja na ngozi inaonekana, hata pini fupi inafika. Pini ndefu zinawafanya watu waamini hawahitaji kufungua tabaka. Kwenye vitone nakuunga mkono.

#8 PiniNdefu
Inafika mwanzo wa unyoya, haifiki unene wake wote kwa pigo moja. Lakini sawa, tusigombane kwa sentimita.

#9 KolaMbili
Mmemrukia na brashi wote, hakuna aliyeuliza anavaa nini. Tazameni alikotaja: kwapani. Hapo ndipo mkanda wa hanesi (ile mikanda ya kifuani ya kufungia kamba) unapopita. Mbwa anavalishwa hanesi asubuhi, anashinda nayo, jioni anavuliwa ili apigwe brashi, saa nane zote kitambaa kimekuwa kikisugua manyoya kwenye kila hatua. Hapo hata uchane kwa tabaka namna gani unafukuza upepo.

Hanesi ivaliwe kwa matembezi tu. Ikivuliwa, papo hapo pitisha kitana kwapani na chini ya kifua. Kola nayo: ukanda mpana na mkavu unasokota manyoya ya shingoni, hasa usawa wa masikio. Ukanda mwembamba wa mviringo unasokota kidogo. Na nguo za mbwa za sufi au ngozi bandia ya kondoo, kwa manyoya ya aina hii ni kiwanda cha mafundo.

#10 MkiaJuu
Anashinda na hanesi, ndiyo. Lakini kinenani haipiti na masikioni haipiti.

#11 BiKipilipili
Jamani, miezi 10! Mbona mnazunguka?
Mbwa wa manyoya ya aina ya Poodle wanabadilisha manyoya ya utotoni kwenda ya ukubwani kati ya miezi 6 na 12, wengine wanachelewa zaidi. Yale laini ya utoto yanang'oka, haya mapya yenye ugumu na mawimbi yanaota humo humo, na kwa kuwa manyoya ya aina hii hayadondoki sakafuni kirahisi, ya zamani yanabaki yamenaswa. Utaratibu uliotosha akiwa na miezi 5 hautoshi akiwa na 10, na mwenye mbwa anashangaa amekosea wapi wakati hajabadilisha kitu.

Kipindi hiki ni kuchana kila siku hadi ngozini, na kumkata mfupi kama sentimita 2 mpaka kipite si aibu. Baada ya hapo kazi inapungua, hasa ikibaki kuchana siku moja na kuacha siku moja.

#12 KupeSitaki
BiKipilipili, kubadilisha manyoya kungeleta mafundo mwili mzima, mgongoni pia. Yeye mgongo uko safi. Nyuma ya sikio, kwapa, kinena: hizo zote ni sehemu ambazo ngozi inasugua ngozi au mbwa anajikuna. Mimi nasema msuguano.

#13 BiKipilipili
Mgongo uko safi kwa sababu mgongo ndio anaopiga brashi! Soma tena bandiko la kwanza: mgongo, ubavu, kichwa, mkia. Kwapa halipo kwenye orodha, kinena hakipo. Msuguano unaamua fundo lianzie wapi, umri unaamua linakuja haraka kiasi gani. Si lazima mmoja afe ili mwingine aishi.

#14 MajiVuguvugu
Swali ambalo hamjauliza: anaoga lini, na anachanwa kabla au baada?

Nyuso za unyoya zina magamba madogo. Yakilowa yanainuka, unyoya unavimba, ukikauka huku umebanwa na mwenzake yanashikana. Ndivyo sufu inavyogeuzwa kitambaa kizito: maji, joto na kusugua. Mbwa mwenye fundo dogo akiogeshwa bila kuchanwa, fundo lile linatoka bafuni limekaza maradufu.

Utaratibu unaofaa: chana kwa tabaka akiwa mkavu, hakikisha kitana kinapita. Shampuu ichanganywe na maji kwenye chupa kwanza, imiminwe, isukumwe kwa vidole kufuata uelekeo wa manyoya. Usifikiche kwa duara kama unafua soksi. Suuza hadi maji yanayotoka tumboni yawe maangavu, halafu suuza tena. Mabaki ya shampuu yananata na kuwasha ngozi. Kondishena, suuza. Taulo libanwe juu ya manyoya, lisiburutwe. Kisha draya ya joto la chini, umbali wa sentimita 20 hadi 30, inapuliza pale pale slika inapopita, sehemu kwa sehemu, mpaka mzizi ukauke. Manyoya ya mawimbi yakiachwa yajikaushe yenyewe yanajikunja na kufungana.

Kumbuka pia kulowa kusiko kwa kuoga: umande wa nyasi unalowesha tumbo na miguu kila asubuhi. Watu wanafuta nyayo tu, kinena kinabaki kibichi.

#15 SufiNyeupe
Dawa rahisi: pakaa mafuta ya nazi kwenye fundo, liache lilainike, kitana kinateleza. Kavu kavu ndiyo inayokata manyoya.

#16 MajiVuguvugu
SufiNyeupe, kavu kavu inakata kweli, hapo umesema. Ila mafuta mazito yanashika vumbi, mbwa anayalamba, na kuyalamba kunalowesha na kusokota upya. Na bledi ya FundiBledi ikikutana na manyoya yenye mafuta inaziba. Tumia chupa ya kupuliza: nusu lita ya maji na kijiko kimoja cha chai cha kondishena ya mbwa, tikisa, puliza kama ukungu. Manyoya yawe na unyevunyevu, yasilowe chepechepe, maana unyoya uliolowa unanyumbuka kisha unakatika. Unapuliza tabaka unalolifanyia kazi, hupulizi mbwa mzima.

#17 SufiNyeupe
Na unga laini wa wanga? Wapo wanaoumwagia fundo.

#18 FundiBledi
Unasaidia kwa fundo dogo kavu, nyuzi zinateleza. Ukibaki humo na mbwa akalowa, umetengeneza gundi. Ukiutumia, uchane wote utoke siku hiyo hiyo.

#19 NgedereMpole
Sisi wenye Boxer tunawasoma tu huku tumekunja nne 😂 Taulo mara moja kwa wiki, kazi imekwisha.

#20 PiniNdefu
Cheka tu. Manyoya mafupi yanadondoka mwaka mzima na yanachoma kitambaa cha kochi hata kuyatoa ni shughuli. Chukua brashi ya mpira yenye vidole, mpitishie kwa duara kwanza ili manyoya yaliyokufa yalegee, kisha kwa uelekeo wa manyoya, mara moja au mbili kwa wiki. Taulo lako linafuta vumbi tu.

#21 NgedereMpole
Kochi umelijuaje, mkuu?

#22 TheluijiBaridi
Samahani kwa kuingilia, nina la pembeni. Husky akiwa kwenye kipindi cha kupukutisha, si afadhali anyolewe tu kuliko kujaza mifuko ya manyoya? Na joto je?

#23 KupeSitaki
Usithubutu. Husky ana tabaka mbili: ya ndani ni sufi fupi, ya juu ni manyoya marefu magumu ya kinga. Ukimnyoa, kuna mbwa ambao manyoya hayarudi kwa muda mrefu kwa sababu vinyweleo vyake vinakaa sana kwenye hatua ya mapumziko, na aina za baridi kama Husky ndio hasa wanaopatwa. Mara nyingi yanarudi ndani ya miezi 6 hadi 12, wengine wanasubiri hata miaka 2, na yanaweza kurudi na rangi au umbile tofauti. Juu ya hapo ngozi inapigwa na jua moja kwa moja.

Mpe reki, meno ya urefu unaofika ngozini, vuta kwa uelekeo wa manyoya, kila siku wakati wa kupukutisha, kisha mara moja kwa wiki. Anzia kwenye mapaja ya nyuma na nyuma ya masikio, sufi hujaa huko. Mwogeshe katikati ya kipindi hicho na umpulize vizuri, nusu ya kazi inatoka na upepo wa draya.

#24 FundiBledi
Hayo ya kunyoa kutorudi yametiwa chumvi kidogo. Wengi wanaota kawaida. Ila nakubali si dawa ya joto. Mbwa anajipoza kwa kuhema, jasho lake ni la nyayo tu. Sufi iliyokufa ikitolewa hewa inapita hadi ngozini, hilo linasaidia kuliko mashine.

#25 KupeSitaki
"Wengi" haimfariji yule ambaye mbwa wake amebaki na viraka.

#26 TheluijiBaridi
Asanteni. Anapukutisha mwaka mzima lakini, si misimu miwili.

#27 BiKipilipili
Anaishi ndani? Kupukutisha kunaongozwa zaidi na urefu wa mwanga wa siku kuliko baridi au joto. Mbwa anayekaa chini ya taa hadi usiku, misimu yake inavurugika, anadondosha kidogo kidogo muda wote. Ila kama kuna sehemu zinabaki wazi, hasa pande zote mbili sawasawa, au mkia umebaki mtupu, hilo si la brashi. Dakta wa mifugo apime tezi ya shingo.

#28 MkiaJuu
Turudi kwangu. Nimefanya kipimo cha kitana. Mgongo kinapita. Ubavu kinapita na meno mapana, meno yaliyobanana yanakwama kama sentimita moja kutoka ngozini. Kwapa zote mbili zinakwama. Nyuma ya sikio la kulia kinapita kwa shida. Sikio la kushoto kuna fundo refu la kama sentimita 3, limeshika pale sikio linapoungana na kichwa. Naweza kulikata kwa mkasi wakati nasubiri zamu ya kinyozi?

#29 FundiBledi
Weka mkasi chini kabisa. Ukivuta fundo unainua na ngozi yake, inasimama ndani ya fundo na huioni. Mkasi ukipita hapo unakata ngozi, na nyuma ya sikio ngozi inafunguka kwa sentimita kadhaa bila mbwa hata kulia papo hapo. Mbwa wa kushonwa kwa sababu hiyo ni wengi mno.

Fanya hivi. Kwanza jaribu kuingiza meno ya kitana kati ya fundo na ngozi, kitana kimelala sambamba na ngozi. Hayaingii? Acha, linasubiri mashine. Yanaingia? Puliza ule ukungu wa MajiVuguvugu. Bana kwa vidole viwili mzizi wa manyoya kati ya fundo na ngozi, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako. Lipasue fundo kwa vidole vya mkono wa pili kwa urefu, kufuata uelekeo wa manyoya, liwe mawili, kisha manne. Ndipo jino la mwisho la kitana lifungue kila kipande kuanzia nchani, ukirudi nyuma kidogo kidogo kuelekea mzizi. Ukianzia mzizini unakaza. Dakika tatu, mpumzishe, rudi. Mbwa akigeuza kichwa kufuata mkono wako, hiyo ni onyo la kwanza, usisubiri la pili.

Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: fundo kubwa lililobana sikio muda mrefu likinyolewa, mbwa anaweza kutikisa kichwa kwa nguvu kwa sababu ya hisia mpya, na mshipa mdogo ndani ya sikio ukapasuka, sikio linavimba damu. Akianza kutikisa kichwa mfululizo baada ya kunyolewa, dakta siku hiyo hiyo.

#30 KolaMbili
Kwapa zote mbili zinakwama. Narudia: hanesi.

#31 LulaLala
Na mbwa asiyetaka kushikwa kwapa? Wa kwangu, Shih Tzu, anakubali mgongo tu, kwapa anageuka nyoka.

#32 KitanaChaChuma
Vunja kazi vipande. Siku za kwanza mguse kwapa kwa mkono mtupu sekunde mbili, mpe kitafunwa chake, maliza. Halafu mgongo wa brashi, si pini. Halafu pigo moja la pini. Kitafunwa kinakuja baada ya pigo, si kabla, la sivyo anajifunza kwamba kitafunwa ndicho kinachotangulia maumivu. Malizia yeye akiwa bado ametulia. Ukiacha pale alipojitikisa, umemfundisha kwamba kujitikisa kunafukuza brashi.

Mweke juu ya kitu kisichoteleza. Mbwa anayeteleza hukaza mwili mzima na utadhani anakataa kuchanwa. Na mguu wa mbele unyanyuliwe kwenda mbele, usiuvute pembeni kutanua kwapa. Bega la mbwa halikuumbwa kwenda huko, linamuuma.

#33 KupeSitaki
LulaLala, mbwa aliyekuwa anakubali kisha ghafla akakataa sehemu moja, fungua manyoya uangalie kwanza. Chini ya fundo huweza kuwa na kidonda chenye majimaji, au kupe. Kupe ashikwe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, avutwe wima polepole bila kuminywa tumbo. Ukikuta chembe nyeusi, zidondoshe kwenye karatasi nyeupe iliyolowa: zikitoa rangi ya damu iliyokauka, ni kinyesi cha kiroboto. Zikibaki nyeusi, ni uchafu tu. Na mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, acha kuchana. Huenda ni choa, brashi itaisambaza mwili mzima, na binadamu anaambukizwa pia. Brashi ya mbwa mmoja isiazimwe kwa mwingine.

#34 MkiaJuu
Nimepata mengi. Kitu kimoja bado sielewi: kwa nini sikio la kushoto tu?

#35 MajiVuguvugu
Nusa ndani ya sikio. Likiwa na harufu ya chachu au nta ya kahawia, linawasha, anajikuna kwa mguu wa kushoto, na ukucha ndio unaosokota manyoya. Cocker wanajulikana kwa kuugua masikio, na wako ana damu ya Cocker.

#36 KitanaChaChuma
Au ni mkono wako. Unamlaza wapi? Mtu anayetumia mkono wa kulia akimweka mbwa kichwa kikielekea kulia kwake, upande wa kulia wa mbwa ndio unaomtazama. Wa kushoto anaufikia kwa kuinama juu ya mgongo, anaupiga juu juu. Mgeuze, anza na kushoto wiki nzima. Fundo likihamia kulia, sikio halina kosa.

#37 BiKipilipili
Au ndio upande anaolalia.

#38 NgedereMpole
Tumwombe MkiaJuu naye atuambie analalia upande gani.

#39 KolaMbili
Hanesi yake inafungiwa upande gani? Nyingi zina kifungo kimoja tu, na kifungo kigumu kina kingo. Na huo mkanda wa shingoni akiuvalishwa unapitishwa kichwani, unaburuta masikio yote mawili kila asubuhi.